Kamionete ya mazutu: ipande mlima, na ishuke salama



Jamaa ikipata akiba, mara nyingi fikira ya kwanza ni kununua kamionete ya mazutu iliyokwisha kutumika. Mchana itabeba viazi na maharagwe hadi Butembo, na usiku itapeleka mgonjwa hospitali. Kwa hiyo kuchagua motere ni jambo la afya pia.

NGUVU. Toyota Hilux ya zamani yenye motere 3L (lita 2.8) ina farasi karibu 90, yenye 5L (lita 3) ina karibu 100. Land Cruiser yenye motere 1HZ, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, ina silinda sita, lita 4.2 na farasi karibu 130. Huvuta kwa nguvu ikizunguka mara 2,200 tu kwa dakika, ndiyo maana hupanda na mzigo bila kulia. Lakini hunywa mazutu mengi, na bei yake ni kubwa.

Motere hizo tatu hazina turbo. Penye mita 2,000 za kimo, kama huku milimani Lubero, hewa imepungua kwa moja ya tano hivi, na nguvu hupungua nayo: farasi 90 hubaki 70 na kitu. Mitsubishi L200 ya lita 2.5 yenye turbo haipungukiwi sana. Lakini turbo huongeza joto, na maji ya radiatere yakipungua kwenye mlima mrefu, kichwa cha motere chaweza kupasuka.

UAMINIFU. Motere 3L, 5L na 1HZ zina pampu ya kawaida ambayo fundi wengi wanaijua. Hilux nyingi za tangu 2005 zina nguvu zaidi, lakini mazutu yake huongozwa kwa kompyuta. Mazutu ya dumu yenye maji au uchafu huziharibu upesi, na kuzitengeneza ni ghali.

KABLA YA KULIPA
1. Iwashe asubuhi, motere ikiwa baridi kabisa. Muuzaji akiwa ameipasha moto mapema, rudi kesho.
2. Tazama moshi. Wa buluu: inakula oili. Mweusi mzito: chujio ya hewa imeziba au mazutu yanazidi. Mweupe usiokwisha: maji yanaingia ndani, au mazutu hayaungui.
3. Fungua kifuniko cha oili motere ikizunguka. Mvuke ukitoka kwa nguvu, imechakaa.
4. Uliza mkanda wa ndani unaoendesha vali ulibadilishwa lini. Hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika njiani, vali hupinda na safari imekwisha.
5. Usukani ukiwa kuume, kumbuka kwamba Kongo tunaendesha kuume. Dereva haoni mbele anapotaka kupita lori.

KUSHUKA. Nguvu si ya kupanda tu. Kwenye mteremko wa Kabasha, kutoka Kanyabayonga kwenda Rwindi, motere nzima huzuia gari katika vitesi ndogo. Iliyochakaa haizuii vizuri; breki huchemka, kisha hukataa. Shuka kwa vitesi ambayo ungepandia. Usizime motere ili kuokoa mazutu, kwa kuwa breki nazo hupoteza msaada wake.

Kamionete hizi hubeba karibu tani moja, na abiria wamo katika tani hiyo. Anayekaa juu ya magunia hana cha kushika. Akianguka huumia kichwa na uti wa mgongo. Akianguka mtu, msimwinue kwa mikono na miguu. Mshikilieni kichwa na shingo zisitikisike, mlazeni juu ya ubao, kisha mpelekeni.

Ukiwa na fedha kidogo, nunua Hilux nzima ya farasi 90 na uipakie kidogo, kuliko Land Cruiser iliyochoka ya farasi 130. Fedha inayobaki itie kwenye breki na matairi.