Chumvi Hutangulia Mimba

Nilikuwa mkunga katika zahanati za Njombe hadi nikastaafu, na wajawazito waliniuliza swali moja kwa sura nyingi: "Sista, nile nini mtoto azaliwe na akili?" Walingoja nitaje samaki, maziwa, parachichi. Mimi nilianza kwa kuuliza chumvi ya nyumbani kwao inatoka wapi. Wengine walicheka.

Ubongo wa mtoto tumboni hujengwa kwa msaada wa homoni ya tezi ya shingo, na tezi hiyo haiwezi kutengeneza homoni bila madini joto. Tezi ya mtoto mwenyewe huchelewa kushika kazi, kwa hiyo karibu nusu ya kwanza ya mimba anamtegemea mama. Mama akipungukiwa sana, seli za ubongo hazifiki zinakotakiwa wala haziungani ipasavyo, na hasara hiyo hailipwi baadaye kwa uji wa lishe wala kwa twisheni.

Huku kwetu milimani mvua imeyaosha madini hayo kwenye udongo tangu enzi na enzi. Mahindi yanastawi, viazi vinajaa magunia, maharage hayakosekani, na bado mlaji anapungukiwa. Ndiyo maana rovu ilizoeleka nyanda za juu kusini kiasi kwamba mwanamke mwenye uvimbe shingoni hakuhesabiwa mgonjwa. Uvimbe ule ulikuwa na nafuu yake: ulionekana. Kilichojificha ni mtoto mzito wa kuelewa, aliyeitwa mvivu darasani, akachapwa. Na pale upungufu ulipozidi, alizaliwa asiyesikia, asiyesema, mwenye miguu iliyokakamaa.

Katika miaka ya 1980 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha utafiti kuhusu mpango huo: watoto ambao mama zao walifikiwa na vidonge wakiwa wajawazito walisoma theluthi hadi nusu ya mwaka zaidi, na wasichana ndio walionufaika kuliko wavulana. Tuliofanya kazi ile tulitembea vifua mbele. Baadaye watafiti wengine wakairudia hesabu, wakarekebisha kasoro, na tofauti ile ikanywea hata isiweze kusimama. Iliniuma, ingawa sikushangaa. Mtoto huacha shule kwa sababu ya ada, kwa kuchunga ng'ombe, kwa kuozwa. Miaka ya darasani haikupi picha kamili ya ubongo.

Ushahidi ninaouamini zaidi ulitoka mbali, milima ya Papua New Guinea. Kuanzia 1966 baadhi ya familia zilichomwa sindano ya mafuta yenye madini joto na nyingine sindano isiyo nayo. Upande uliokosa, watoto 26 walizaliwa na ule ulemavu mzito. Upande uliopata, 7, na kati ya hao 7, mama wa 6 walikuwa tayari wameshika mimba siku ya sindano.

Hapo ndipo penye kisa chote. Wanawake wengi wa vijijini hufika kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Tunampima damu, tunampa vidonge vya kuongeza damu, tunamwambia aache kutafuna udongo wa pemba na asinywe chai pamoja na chakula, kwa sababu vyote viwili huzuia madini chuma kuingia mwilini. Ni ushauri mzuri, lakini sehemu kubwa ya msingi imeshamwagwa. Hata foliki asidi, inayopunguza hatari ya mgongo wazi, inahitajika ndani ya siku 28 za kwanza, wakati mwenyewe bado anadhani amechelewa tu siku zake.

Chumvi haingoji kadi ya kliniki. Imo jikoni kabla ya mimba, na anayeinunua mara nyingi ni mama mkwe. Nilizoea kwenda na kichupa cha dawa ya kupimia mpaka gengeni. Unachota chumvi kidogo kwenye kisosi, unadondosha tone. Ikigeuka bluu ya zambarau, madini yamo. Ya pakiti iligeuka mara moja. Ya mawe, iliyopimwa kwa kopo kutoka gunia lililofunguka, mara nyingi ilibaki nyeupe vilevile, na muuza genge akaanza kuniomba niondoke kabla wateja hawajaona.

Tusijidanganye kuwa ni balaa la milimani peke yake. Utafiti wa Bristol, Uingereza, uliotoka 2013, ulikuta kwamba watoto wa mama waliokuwa na upungufu mdogo tu mwanzoni mwa mimba walikuwa nyuma ya wenzao kusoma walipofika miaka tisa. Na hao ni watu wa maziwa na samaki.

"Basi nimzidishie mkwe wangu chumvi?" bibi mmoja aliniuliza. Hapana, bibi, utamletea presha. Mjamzito anahitaji maikrogramu 250 za madini joto kwa siku, kiasi kisichoonekana kwa macho. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ihamishie kwenye chombo chenye kifuniko, iweke mbali na mvuke wa sufuria, na uitie mboga inapokaribia kuiva.