Floraidi ya Meru: Pale Kuchemsha Maji Kusipotosha

Mama anayeishi katika miteremko ya Mlima Meru huweza kutimiza kila alilofundishwa kliniki. Huchota maji maangavu, huyachuja, huyachemsha hadi yatokote, kisha huyahifadhi katika chombo chenye mfuniko. Mwanawe hasumbuliwi na kuhara. Hata hivyo, mtoto afikapo umri wa miaka sita au saba, meno yake ya kudumu huchomoza yakiwa na mabaka meupe mithili ya chaki, na baada ya muda mabaka hayo hugeuka kuwa ya kahawia. Nyumbani huambiwa hasugui meno, shuleni huchekwa. Akiwa mtu mzima na kusafiri hadi Dar es Salaam, huenda meno yake yakamtambulisha kabla hajataja kwao.

Kosa si la mama wala la mswaki. Moto huua vijidudu kwa kuwa vijidudu ni viumbe hai. Floraidi si kiumbe. Ni ioni ya elementi, na hakuna jiko la nyumbani liwezalo kuivunja elementi. Maji yanapochemka, kinachopanda na mvuke ni maji yenyewe, ilhali floraidi husalia sufuriani. Lita mbili zenye miligramu 3 za floraidi kwa kila lita zikichemshwa hadi zibaki lita moja na nusu, kila lita iliyobaki itakuwa na miligramu 4.

Asili ya floraidi hiyo ni miamba ya volkano. Atomu ya florini ina elektroni tisa na hupungukiwa moja tu ili kutulia, hivyo huinyakua kwa nguvu isiyo na mfano miongoni mwa elementi. Ikishaipata huwa ioni ya floraidi, ambayo ukubwa wake unakaribiana sana na ule wa haidroksidi. Kwa sababu hiyo, ndani ya madini mengi ioni hizo mbili huweza kubadilishana nafasi. Mvua inapopenya katika majivu na miamba ya Meru, floraidi hutoka katika nafasi zake na kufuata maji hadi kwenye chemchemi na visima.

Lakini mbona si kila eneo lenye miamba ya moto hupata maji ya namna hii? Jibu limo katika kalsiamu. Kalsiamu ikikutana na floraidi, huungana nayo kuwa chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi, nayo floraidi hubaki ardhini. Miamba ya Meru ina sodiamu kwa wingi na kalsiamu kwa uhaba. Isitoshe, maji yake yamejaa bikaboneti, ambayo huichukua hata ile kalsiamu kidogo na kuitua kama chokaa. Hapo floraidi hukosa wa kuizuia. Ndiyo maana maji yenye floraidi nyingi aghalabu ni maji laini, yanayotoa povu la sabuni bila shida, na mfuaji huyasifu. (Povu lisichukuliwe kuwa kipimo: maji ya mvua nayo hutoa povu zuri, na floraidi yake ni kidogo mno.) Upeo wa hali hii huonekana kaskazini zaidi, ambako Ol Doinyo Lengai hutoa lava yenye kaboneti ya sodiamu, na chini yake kuna Ziwa Natron lenye magadi.

Magadi hayo yanastahili kutazamwa kwa makini. Magadi ghafi yanayotiwa katika maharage au makande ili yaive upesi huweza kubeba floraidi nyingi. Ndiyo sababu meno yenye mabaka yameonekana hata katika vijiji ambavyo maji yake ya kunywa hayana tatizo kubwa.

Mwilini, floraidi hurudia tabia ileile ya mwambani. Jino na mfupa hujengwa kwa madini aina ya apataiti, yenye kalsiamu, fosfeti na haidroksidi, nayo floraidi hukalia nafasi ya haidroksidi. Ikiwa kidogo, hulifanya jino listahimili asidi, na kwa hiyo hutiwa katika dawa ya meno. Ikizidi wakati jino lingali likiumbwa ndani ya taya, yaani takriban hadi umri wa miaka minane, huvuruga kazi ya seli zinazojenga tabaka la nje. Tabaka hilo hubaki na vitundu na kunywa rangi. Kusugua hakurekebishi kilichoharibika kabla jino halijachomoza. Kiasi kikubwa zaidi, kwa miaka mingi, hukakamaza viungo na uti wa mgongo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi 4, kwa kuwa vyanzo mbadala vilikuwa haba, kisha ikashusha kiwango hadi 1.5. Tarakimu ilibadilika, chemchemi hazikubadilika.

Kinga mojawapo hutumia tabia hiyohiyo ya apataiti. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa hewa haba hadi kuwa mkaa, na maji yanapopita humo floraidi hunaswa kama ambavyo ingenaswa na jino. Ugumu uko katika matunzo. Mifupa iliyochomwa vibaya huyapa maji harufu, na iliyochomwa kupita kiasi hupoteza uwezo wa kunasa. Zaidi ya hayo, mkaa uliokwisha kujaa hautoi ishara yoyote, kwani floraidi haina rangi wala harufu. Ni kipimo tu kinachoweza kuonyesha kwamba wakati wa kuubadilisha umefika. Mahali ambapo kichujio hakipo, maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati safi, kisha yakachemshwa, hufaa. Si lazima yatoshe kuoga wala kufulia: mtoto wa miaka miwili huhitaji lita chache tu kwa siku, za kunywa na za kupikia uji wake.