Je, wajua? Bangi ya dawa na mgonjwa anayetumia mofini

Sativex ni dawa ya kupuliza mdomoni, iliyotengenezwa Uingereza kutokana na mmea wa bangi. Kila mpulizo una miligramu 2.7 za THC, kemikali inayolewesha, na miligramu 2.5 za CBD, isiyolewesha. Wagonjwa wa saratani walijaribiwa nayo juu ya mofini, si badala yake, na matumaini ya kuzichanganya yalikuwa na msingi. Mofini hushika vipokezi vyake kwenye uti wa mgongo na ubongo. THC hushika vipokezi vingine, CB1, katika njia zilezile za maumivu. Tena CB1 ni vichache mno kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi, ndiyo maana bangi haizimi pumzi kama mofini iliyozidi. Ilionekana kwamba dawa hizo mbili zingesaidiana, na mofini ingepunguzwa.

Majaribio yamekuwa magumu kuliko nadharia. Mwaka 2010, kati ya wagonjwa 177 ambao opioidi, yaani mofini na dawa za jamii yake, hazikuwatosha, mchanganyiko wa THC na CBD uliishinda dawa tupu ya kulinganishia. Mwaka 2012 walijaribiwa 360: lengo kuu halikufikiwa, ingawa waliopewa dozi ndogo walionyesha nafuu, na waliopewa kubwa walipata madhara zaidi. Majaribio makubwa yaliyofuata nayo yalikosa lengo, na mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya 2023 yakahitimisha kwamba dawa hii haitulizi maumivu yaliyoshindikana kwa opioidi. Kwangu, hilo linatosha kuacha kuiita mbadala wa mofini.

Wapo watakaosema wagonjwa wenyewe hushuhudia nafuu. Siwapingi: aliyekesha kwa maumivu akipata usingizi amepata kitu kikubwa, na daktari akimjaribishia dozi ndogo huku akimfuatilia, sioni kosa. Lakini msokoto wa bangi wa mtaani hauna kipimo, na kusinzia kwake huongezeka juu ya kule kwa mofini, hadi mtu aliyedhoofu akaanguka usiku. Wengine huihofia mofini kwa sababu ya uraibu, wakaona bangi ni salama zaidi. Uganda imeonyesha njia nyingine: tangu 2004, wauguzi waliofunzwa huduma ya tiba shufaa wanaruhusiwa kuandika mofini ya maji ya kunywa, iliyo nafuu kwa bei, na mgonjwa wa kijijini huinywea nyumbani.