Maneno pacha ya ung'eng'e: ukichanganya, umeumia!

Wiki hii naomba tuweke pembeni mambo ya mapenzi, tuongelee ung'eng'e. Msinune, maana hili nalo lina utamu wake, na pesa zenu zimo humo humo.

Kuna maneno ya Kimombo yanayotembea mawili mawili kama mapacha, na vijana wengi tunayachanganya. Chukua "borrow" na "lend". Kila siku nasikia mtu anasema "borrow me your pen", na mwenzake anatoa kalamu bila wasiwasi kwa sababu wameelewana. Lakini mwenye lugha yake akisikia hivyo atabaki katoa macho. "Borrow" ni ya yule anayechukua, "lend" ni ya yule anayetoa. Kwa hiyo kalamu inaombwa kwa "lend me".

Wapo wanaocheka wakidhani huo ni ujinga. Mimi niliyeishia kidato cha nne nasema hapana! Mtaani kwetu neno ni moja tu: mimi naazima kwako, na wewe niazime. Kukopa na kukopesha ni hivyo hivyo, kujifunza na kufunza pia: shina ni lile lile, vinabadilika vikorombwezo tu. Mzungu yeye kila upande kaupa neno lake. Ndo maana unamsikia mtu anatamba, "I will learn you English", wakati alitakiwa kusema "teach".

Na kusikia je? Sisi tunasikia muziki, tunasikia baridi, tunasikia na harufu ya chapati kwa jirani. Kwenye Kimombo muziki ni "hear", baridi ni "feel", chapati ni "smell". Ukimwambia mtu "I hear hunger", atadhani njaa imekupigia hodi mlangoni.

Kijiweni hayo yanaishia kwenye kicheko. Kasheshe huanza pale maneno pacha yanapokuwa kwenye karatasi inayosubiri saini yako.

Tuanze na barua ya ajira. "Employer" na "employee" yanapishana herufi moja tu ya mwisho, lakini la kwanza ni mwajiri na la pili ni wewe mwajiriwa. Ukisoma kwamba "employee" atalipa fedha akiacha kazi bila kutoa taarifa, usishangilie ukidhani tajiri ndiye kabanwa. Umebanwa wewe!

Barua hiyo hiyo inaweza kutaja mshahara wa "gross". Huo ni mshahara kabla ya makato. Kinachoingia mfukoni ni "net", baada ya kukatwa kodi na mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Dada, kaka, ukiahidi harusi kwa hesabu ya "gross", mwisho wa mwezi utaumbuka mbele ya wakwe.

Mapacha wanaonitisha kuliko wote ni "witness" na "guarantor". "Witness" ni shahidi: umemwona fulani akisaini, basi, umemaliza. "Guarantor" ni mdhamini: fulani akishindwa kulipa mkopo, wenye pesa wanakuja kwako. Mshikaji anakuletea fomu jioni, anakwambia, "Saini hapa tu, ni ushahidi." Wewe kwa kuona haya unasaini. Miezi inapita, mshikaji kahama mtaa, na wadai wanaulizia televisheni yako! Urafiki ni kitu kizuri jamani, ila soma kwanza neno lililo chini ya ule mstari.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa hapa Tanzania, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Safi sana. Lakini fomu na mikataba mingi ya mjini bado inakuja kwa Kimombo, na vijana tunaona aibu kusema hatujaelewa, tusije tukaonekana washamba. Ushamba gani huo? Mwambie anayekupa karatasi akueleze kwa Kiswahili: nani anatoa, nani anapokea, na mambo yakiharibika nani analipa. Akianza kukuharakisha, jiulize kwa nini.

Haya, tukutane wiki ijayo. Mtu akikuomba "borrow me your pen", mpe tu kalamu. Akikuomba saini, soma kwanza!