Je, Wajua? Wanyonya Damu, Majini na Visima vya Sharqiyah

Je, wajua kwamba mmoja wa wanyonya damu wa mwanzo kabisa katika ushairi wa Kiingereza ni bibi harusi wa Kiarabu? Anaitwa Oneiza, na yumo katika Thalaba the Destroyer, utenzi wa Robert Southey uliotoka 1801. Anafariki usiku wa harusi yake, shetani anauvaa mwili wake, na baba yake mzazi ndiye anayeuchoma mkuki. Dracula wa Bram Stoker alikuja 1897.

Na kabla ya Uislamu, mshairi wa Kiarabu Ta'abbata Sharran alikwisha kujigamba katika beti zake kwamba amemuua ghul, zimwi la jangwani.

Je, wajua kwamba Bahla, jirani ya Nizwa, inasifika Oman nzima kwa majini na uchawi? Ngome yake iliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987, lakini wengi huijua kwanza kwa visa vyake. Kinachoogopwa katika visa hivyo si kunyonywa damu. Ni kuwa mughayyab: mtu kazikwa, watu wamemlilia, kumbe, wasemavyo, mchawi kamchukua akiwa hai na kumfanya mtumishi wake. Mtanzania angemwita msukule. Kwangu hofu hii inapita meno ya Dracula, maana wafiwa hawajui kama waanue matanga au waendelee kungoja.

Anayetoa watu damu ni wa upande wetu wa bahari, Afrika Mashariki: mumiani. Zama za ukoloni uvumi wake ulienea pwani na bara, kwamba wapo wanaokamata wapita njia usiku na kuwakamua damu ya kutengenezea dawa. Nairobi walioshukiwa ni wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alizichambua simulizi hizo katika Speaking with Vampires (2000), akazichukulia kama ushahidi wa namna watu walivyouona utawala wa kigeni. Nakubaliana naye: aliyenyang'anywa ardhi na jasho lake haoni ajabu kuambiwa kwamba sasa inatakwa damu.

Je, wajua kwamba riwaya za Oman zenye giza la namna hii zimeshinda tuzo kubwa? Jokha Alharthi alipata Man Booker International mwaka 2019 kwa Sayyidat al-Qamar, riwaya ya kwanza iliyoandikwa kwa Kiarabu kuipata. Humo yumo Abdallah, ambaye baba yake alimwadhibu utotoni kwa kumning'iniza kisimani kichwa chini, na kifo cha mama yake kinazungukwa na minong'ono ya majini. Mwaka 2023 Zahran Alqasmi, mshairi wa Dima wa al-Tayyin katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, Oman, akawa Mwomani wa kwanza kutwaa Tuzo ya Kimataifa ya Riwaya ya Kiarabu kwa Taghribat al-Qafir. Riwaya hiyo inaanza na mwanamke aliyezama kisimani. Anaopolewa maiti, mtoto tumboni yu hai, naye anakua akisikia maji yanavyopita chini ya ardhi.

Visima viwili, waandishi wawili. Wazungu walijenga hofu yao katika makasri na makaburi. Katika nchi iliyoishi kwa maji ya mifereji ya falaj, hofu imekaa pale pale uhai unapochotwa. Sioni picha iliyo ya Kiomani kuliko hiyo.

Visa vya pande hizi mbili za bahari vimekutana katika watu: majahazi ya Sur, bandari ya Oman, yalikwenda Zanzibar kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi, na koo nyingi za mji wa Ibra, Sharqiyah, zina ndugu Unguja. Wapo wazee Sur na Ibra waliozaliwa Afrika Mashariki, wanaomjua mumiani kwa Kiswahili na mughayyab kwa Kiarabu. Kama nyumbani kwenu yupo bibi au babu wa namna hiyo, mrekodi akisimulia kwa Kiswahili chake, kisha yaandike kama alivyoyasema.