Abiria Hapandi Zege

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam Mei 2016, safari ya Kimara hadi Kivukoni, ambayo asubuhi yenye foleni iliweza kuchukua hata saa mbili, ilishuka chini ya saa moja. Mtu aliyezoea kudamka saa kumi alfajiri ili awahi kibarua, alirudishiwa usingizi. Jioni alimkuta mtoto hajalala.

Naanzia hapo kwa makusudi, kwa sababu siku hizi ni rahisi mno kuusema vibaya mradi ule. Kilomita 20.9 za njia ya mabasi peke yake, katikati ya Barabara ya Morogoro, na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani: hakuna mji wa Afrika Mashariki uliokuwa umethubutu hivyo. Nauli ilikuwa Sh650, na watu walilipa wakijua wananunua nini. Jiji lilipopewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, lilistahili.

Tatizo lilikuwa kwenye hesabu ya mabasi. Mpango wa awamu ya kwanza ulitaka mabasi 305. Yaliyoingia njiani ni 140, chini ya UDA-RT, kampuni iliyoundwa na Usafiri Dar es Salaam (UDA) pamoja na vyama vya wamiliki wa daladala ili ihudumu katika kipindi cha mpito tu. Kipindi hicho kikarefuka.

Watu wengi hudhani nusu ya mabasi maana yake ni nusu ya huduma. Haiko hivyo, huwa ni chini ya nusu, na hapa ndipo ningependa kila diwani na kila mhandisi atulie kidogo. Tuseme basi moja linatumia dakika 100 kwenda, kugeuza na kurudi. Ukitaka lipite basi kila dakika 2, unahitaji mabasi 50 njiani. Yakiharibika 25, pengo linakuwa dakika 4. Abiria, hata hivyo, hawajapungua. Kila basi linalofika linakuta watu maradufu. Wanaoshuka wanasukumana na wanaopanda, mlango unagoma kufunga, dereva anasubiri. Mzunguko wa dakika 100 unakuwa wa 120, na mabasi yale yale 25 sasa yanapita kila baada ya dakika 5 hivi. Uzito nao unachosha springi, milango na matairi, hivyo kesho yataharibika mengine. Fedha ya vipuri ikichelewa, kazi yote inageuka kuchota maji kwa pakacha.

Kisha kuna Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Hapa nashindwa kuwa mpole. Mafuriko ya Desemba 2011 yalilifunika bonde hilo, serikali ikawahamishia wakazi wa mabondeni Mabwepande kwa sababu pale hapakuwa salama. Karakana na maegesho ya mabasi vikajengwa katika bonde hilohilo. Mto ukaja kama ulivyozoea kuja: mabasi yakaingiwa na maji, na mara kwa mara mvua kubwa ilipofunga barabara, huduma ikakatwa katikati. Bibi yeyote aliyeuza mboga pale miaka ishirini angeweza kueleza maji yanafika wapi. Alipaswa kuulizwa, na jibu lake liandikwe kwenye mchoro.

Suala la nani analipa halijazungumzwa vya kutosha. Mfumo wa Dar es Salaam ulipangwa uendeshwe kwa nauli: mafuta, mishahara, matengenezo, hata mabasi yenyewe. Kwa hiyo msongamano ndani ya basi unalindwa na hesabu, kwa kuwa basi lililojaa kupita kiasi ndilo linalolipa. Tazama Dunkerque, kaskazini mwa Ufaransa, eneo la watu wapatao 200,000. Septemba 2018 walifuta nauli kabisa na abiria wakaongezeka sana. Habari ya bure ndiyo iliyosafiri duniani, lakini siku hizohizo walipanga upya njia na kuweka tano kuu zenye basi kila dakika 10. Nauli ilikuwa imechangia takribani asilimia 10 tu ya gharama. Sehemu kubwa ilitoka kwenye kodi inayolipwa na waajiri. Sisemi tufute nauli. Nasema mwajiri wa Posta au Kariakoo ananufaika mfanyakazi wake anapowahi, na hadi sasa tumemwachia mfanyakazi bili yote.

Somo la kupanga mabasi pamoja na njia halikufika mapema Mbagala. Njia ya awamu ya pili, kilomita 20.3, ilikamilika pamoja na vituo vipya, lakini bila mabasi, huku watu wakiendelea kubanana kwenye daladala upande wa pili wa ukingo. Mkataba wa barabara ulikuwa na mkandarasi, tarehe na adhabu ya kuchelewa. Mkataba wa mabasi ulikuja nyuma, kana kwamba ni samani za kutia ndani baadaye.

Nawaza haya nikiitazama Mwanza. Milima ya mawe na ziwa vimebana magari kwenye barabara chache: Kenyatta kuelekea Buhongwa, Nyerere kuelekea Igoma, Makongoro kuelekea uwanja wa ndege. Mji wa ukubwa huo hauna haja ya kuanza na kilomita ishirini za zege. Ungeanza na makutano machache yanayokwamisha kila kitu na kuyapa mabasi njia yao hapo tu. Wamiliki wa daladala waitwe mezani kabla ya mchoro, wakopeshwe mabasi makubwa kwa masharti ya kuyatunza, na walipwe kwa kilomita walizoendesha ili wasikimbizane kugombea vichwa. Karakana ijengwe mlimani. Na halmashauri ipokee kila wiki taarifa moja fupi: abiria wa Buhongwa alisubiri dakika ngapi saa kumi na mbili asubuhi, na kama zimezidi kumi, ni basi gani halikutoka na kwa nini.