Kabla ya kununua dawa ya nyanya, tafuta lenzi

MKULIMA wa nyanya wa Ilula, wilayani Kilolo mkoani Iringa, hukutana na swali lile lile kila msimu: majani yameharibika, je, ni mdudu, utitiri au ukungu? Akikosea, hununua dawa isiyofaa. Dawa ya ukungu haiui mdudu, na dawa nyingi za wadudu haziui utitiri. Fedha hupotea na shamba huendelea kuteketea.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu nondo Tuta absoluta, maarufu kwa jina la kantangaze, alipoingia nchini mwaka 2014. Yai lake halifiki nusu milimita. Kiwavi hula ndani ya jani na kuacha mabaka mapana, tofauti na mistari myembamba inayopindapinda ya wadudu wengine wachoraji wa majani. Nondo mwenyewe ana milimita 5 hadi 7 tu.

Bwana shamba anaweza kusaidia hata akiwa mbali, ila apate picha inayoonekana vizuri. Simu ikisogezwa karibu mno, picha hutoka hafifu. Hapo ndipo lenzi inapohitajika.

Kwa mkulima wa kawaida, lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inatosha. Achague ya kioo badala ya plastiki. Lenzi hiyo huona vizuri ikiwa sentimeta chache tu kutoka kwenye jani, hivyo simu isogezwe taratibu mbele na nyuma hadi mdudu aonekane. Asiyekuwa nayo atumie kioo cha kukuzia cha mara 10, kwanza kutazama, kisha kupiga picha kupitia humo.

Mwenye studio ya picha anayetaka kuwahudumia wakulima anahitaji lenzi ya kamera inayofikia kipimo cha 1:1, yaani mdudu wa milimita 6 achukue milimita 6 kwenye kihisio cha kamera. Kwa kihisio chenye upana wa milimita 24, huyo ni robo ya picha.

Lenzi ya milimita 60 ni nyepesi, lakini humlazimu mpigaji kusogea hadi karibu sentimeta 20 kutoka kwenye kihisio, na kivuli chake hufunika jani. Ya milimita 100 humruhusu kubaki kwenye sentimeta 30 hivi, nondo asiruke. Wanaopiga picha za matumbawe yaliyofugwa kwenye matangi ya kioo nao hupendelea lenzi ndefu, kwa kuwa kioo huwazuia kusogea. Asiye na uwezo anunue pete za kurefusha lenzi aliyonayo.

Lenzi yoyote haifai kitu pasipo utaratibu. Piga asubuhi kabla ya upepo. Chuma jani, liweke juu ya karatasi nyeupe kivulini, na weka rula pembeni. Piga picha tatu: mche mzima, upande wa chini wa jani, na mdudu kwa karibu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, kwani picha ya kawaida hupunguzwa ubora.

Futa lenzi kwa kitambaa laini, si kwa shati lenye vumbi la shamba. Na usifungue chupa ya dawa kabla ya jibu kupatikana.